Kiti cha Kutazama Nyuma

Lilishushwa Kilindini mwaka niliong'oka meno ya mbele,
likining'inia kwenye winchi kama ng'ombe aliyefungwa tumbo,
magurudumu yakitafuta ardhi.
Makuli wakalipima kwa hatua: futi kumi na nane na ushei.
"Hili si gari," akasema mmoja, "ni nyumba iliyokosa msingi."

Mwenyewe ni Taibali, muuza misumari wa mtaa wa Biashara.
Usukani kushoto, upande usio wetu,
basi kila akitaka kulipita lori
humwuliza mkewe, "Sakina, yuaja mtu?"
Na Sakinabai, jicho lake la kulia,
husogeza mtandio, akachungulia:
"Waja wawili. Ngoja."

Ubavuni lilivaa mbao ya kahawia
yenye mishipa na vifundo,
ila ukiipapasa, kiganja hakihisi kitu.

Baba alinipa historia yake gerejini Shimanzi,
yeye chini ya injini, mimi nikizungumza na viatu vyake.
"Zamani, huko kwao, yalikuwa ya mbao kweli.
Yakienda stesheni kupokea watu na masanduku;
ndiyo maana hata jina ni la stesheni.
Kikaja chuma, mbao ikafukuzwa.
Matajiri wakaikumbuka,
wakachapiwa picha yake kwenye plastiki.
Nipe spana ya nusu inchi.
Siyo hiyo."
"Mbona letu haliendi stesheni?"
Viatu havikujibu.

Kiti cha tatu kilitazama nyuma.
Hapo ndipo petu, mimi na Batuli binti Taibali,
magoti kwa magoti na tairi la akiba.
Watoto wengine waliona waendako;
sisi tuliiona Mombasa yote ikituaga:
Makupa ikisinyaa, pembe za barabarani zikifumbana,
muuza mahamri akiwa mdogo, mdogo, nukta.
Kwenye daraja la maboya la Nyali
tulihisi maji yakipiga magoti chini yetu,
na mtoza ushuru akadai ada ya lori.
Taibali alibishana naye mpaka foleni ikaanza kuimba matusi.

Kisha mafuta yakapanda bei dunia nzima.
Taibali akapiga hesabu kwa bidhaa yake:
kwenda Bamburi, kilo mbili za misumari;
kurudi, kilo mbili nyingine.
Gari likalala kwa Baba, deni juu ya deni.
Chumvi ikalila kimyakimya,
jua likaibambua ile picha ya mti
ikaning'inia vipande, kama tangazo la uchaguzi uliopita.

Fundi Kupona, mchonga milango wa Kibokoni,
alikuja kudai pesa zake.
Akaigusa kwa ukucha.
"Huu si mti. Ni sura ya mti, yabandikwa kwa gundi!"
Akacheka mpaka akakaa kwenye betri.
Juma la pili akarudi na mvule uliobaki kwenye mlango wa mtu,
akaupigilia kwa misumari ya Taibali,
pembezoni akachonga mnyororo mwembamba, bila kuombwa.
Hivyo gari likawa alivyokuwa babu yake,
na huko Marekani hakuna aliyepelekewa habari.

Likaenda stesheni mara moja tu.
Masanduku kumi na moja, godoro, cherehani ya Sakinabai.
Treni ya Nairobi, halafu ndege, halafu baridi.
Batuli nami tulikaa petu, hatukusemezana;
tulilitazama duka lao likiondoka kabla yao.

Kurudi nilikaa kiti kilekile, peke yangu.
Uwanja wa stesheni ulijaa mikokoteni,
na Baba nyuma haoni; gari refu, kioo kimepasuka.
"Niambie," akasema.
Nililiona behewa la mwisho likipinda.
"Rudi," nikamwambia. "Rudi, rudi.
Bado pana nafasi."