Madirisha ya Mtaa wa Maharage

Taavo, shemeji yangu, alikuja na karatasi ya bei
akaitandaza mezani juu ya makombo ya mkate mweusi.
Madirisha kumi na moja ya plastiki, meupe pe,
siku mbili kazi imekwisha,
na hayo ya zamani yatapokewa na kontena la taka
bila swali.

Nikauliza: yatadumu miaka mingapi?
Akageuza karatasi.
Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Haya yangu yamepita mia.
Msonobari uliokua polepole, baridi ikiuminya,
pete zake zimebanana kama kurasa.
Fundi wake simjui jina. Nadhani alitumia mkono wa kushoto,
maana alama za patasi zote zinainamia upande mmoja,
kama mvua ya hapa Tartu.

Basi nikachukua likizo ya Juni,
nikalilaza la kwanza uani.
Rangi saba. Nilizihesabu kwa ncha ya kisu:
nyeupe, nyeupe, kahawia, kijani cha kambi,
kijivu, samawati,
na chini kabisa wekundu wa ini la ng'ombe.
Humo mna risasi. Nililowesha kabla ya kukwangua,
barakoa usoni, shuka chini,
kila ganda ndani ya kopo,
kopo hadi kituo cha taka za sumu.
Si kila cha kale ni chema.

Hilje wa ghorofa ya chini, mhasibu mstaafu,
alisimama na kikombe chake:
"Saa arobaini kwa dirisha moja!
Umejilipa shilingi ngapi?"
Sijajilipa.
"Basi hiyo si kazi, ni ugonjwa."
Kesho yake akaleta msasa wa marehemu mumewe,
boksi zima, halijafunguliwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Siku hizi dukani wanakwambia kinyume:
ufa usiuzibe, mteja, bomoa,
ukuta mpya una punguzo hadi Jumapili.

Chini ya dirisha la tatu nilitoa ubao
nikakuta povu la njano, gumu, limevimba
kama mkate uliosahauliwa.
Nikalijua.
Mwaka wa tisini na saba, mimi na Endel,
makopo sita, tukicheka, tukijiona wa kisasa.
Pembeni, nyuzi za kitani za yule mkono wa kushoto
zilikuwa bado kavu.
Nyuma ya povu letu, gogo lilibonyea kwa kidole.
Nyumba ya mbao hupumua.
Sisi tuliiziba pua.

Nilikaa sakafuni hadi chai ikapoa.

Kisha nikampigia Õnne, mfugaji wa kisiwani,
anayechoma sufu kila kiangazi kwa kukosa mnunuzi.
Alinipa magunia tisa, pamoja na miiba na samadi kidogo.
Nilifua, nikaanika, nikachambua, nikashindilia.
Jikoni kulinuka kondoo hadi Septemba.
Paka bado hulala pale ukutani, ameegemea,
kama anayesikiliza.

Sijidai. Nimenunua skrubu mpya,
na mashine ya kupasha maji inayonguruma usiku,
na mara mbili nililia kwa ajili ya puti,
nikaitazama ile karatasi ya Taavo
ambayo sikuitupa.

Alirudi Oktoba. Hakusema neno.
Alipitisha kiganja kwenye fremu ya saba,
akanusa mafuta ya kitani,
kisha, kama mtoto, akabonyeza puti kwa dole gumba
kuona kama imekauka.
Haikuwa imekauka. Huchukua wiki.

Alama ikabaki, mistari yote ya ngozi.
Nilishika kisu niisawazishe, nikakiweka chini.
Nikapaka rangi juu yake, nyembamba,
rangi ya nane.

Yamebaki madirisha manne,
nimeyafunika kwa blanketi,
na upepo wa mtoni unajua ni yapi.