Majivu ya Usiku

Mtambo hauulizwi ukiwa kazini.
Ndiyo sheria ya ghorofa hii ya chini
iliyochimbwa ndani ya mwamba wa Tampere,
ambamo pensheni za watu laki nne
hupigwa hesabu usiku, theluji ikishuka juu yetu
pasipo sisi kuiona.

Ukimgusa mpishi bega, chumvi inazidi.
Basi namwacha apike.
Mimi huja saa moja asubuhi
na kahawa na kipande cha mkate mweusi,
nikasoma majivu:
kila swali lililoletwa kwenye hifadhidata,
lilingoja kufuli kwa muda gani,
lilikwenda diskini mara ngapi,
lilitoka na nini mkononi.
Mtambo haudanganyi, wala haushtaki.
Unaandika tu, kama karani aliyekatazwa kutoa maoni.

Novemba hii Torsti Vuorela alishuka
koti lake lingali na theluji mabegani.
"Raili, kazi imekwisha saa kumi na mbili na dakika tano!
Madirisha yanafunguliwa saa mbili.
Chuma kimezeeka. Bodi iko tayari kununua kingine."
Akataja bei.
Nikaweka kikombe chini.
Nikamwomba juma moja, na ufunguo wa stoo ya kanda.

Miaka kumi na moja, masanduku kwa masanduku.
Nikazinakili kwenye kompyuta ndogo ya pembeni
isiyo na waya wa kumfikia mkubwa,
nikapanga usiku elfu nne na kitu
kama mtu apangaye vifungo vya mashati ya marehemu.

Nilitarajia kilima.
Haba na haba, ndivyo nilivyoamini:
wazee wanaongezeka, mzigo unaongezeka, kibaba kinajaa.
Grafu haikupanda kilima.
Ilipanda ngazi.
Moja tu. Jumanne ya Machi, miaka sita nyuma.
Kabla yake, swali la wajane lilisoma kurasa mia nne.
Baada yake, laki tisa,
likipekua jedwali zima kutoka mlango hadi mlango
kumtafuta mtu ambaye zamani lilijua anwani yake.

Faharasa iliondolewa.
Diski ilikuwa imejaa, mtu akataka nafasi,
akachagua kitu kilichoonekana hakitumiki.
Kilitumika. Mara moja kwa mwezi.

Safu ya mwisho ya kumbukumbu huandika nani.
Herufi tatu, tarakimu mbili.
Nilizitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya kisogo chake.

Nyumbani nikafukua kalenda ya mwaka ule.
Jumanne: daktari wa meno, saa nane na nusu. Viatu vya Aino.
Basi.
Hakuna msiba, hakuna homa, hakuna ugomvi
wa kuuegemeza mkono wangu.
Miaka sita nimevuka daraja la mapororomoko kila asubuhi
nikilaumu umri wa chuma.

Ripoti ilikuwa kurasa mbili.
Wa kwanza, ngazi.
Wa pili: nini kilifanywa, usiku gani, na nani.
Niliandika jina langu lote, Raili Hakamäki, si herufi.
Sikuweka kivumishi hata kimoja.

Torsti aliisoma amesimama.
Akairudia.
"Irudishe," akasema,
kisha akauliza kama kahawa imebaki.

Usiku ule sikukaa kuchungulia. Sheria ni sheria.
Nililala vibaya.
Asubuhi majivu yalikuwa machache:
kazi ilikwisha saa tisa na dakika kumi na mbili,
na swali la wajane limesoma kurasa mia nne thelathini na moja.

Nikazihesabu tena zile thelathini na moja.
Hazikuwa kosa.
Walikuwa wanawake wa miaka sita,
walioingia mmoja mmoja
nami sikuwaona, kwa kelele za wote wengine.