Shati la Reli

Paa la kota namba saba, Chumbageni,
limenizidi umri mimi na dada yangu tukijumlishwa:
mawimbi ya kijivu, kuvu mgongoni,
nati zimeliwa na kutu hadi hazina kona.

"Fundi Mwajabu, nyundo tu," asema Shekiondo,
kijana wa Pongwe, viganja vinamuwasha.
"Saa nne liko chini, tunakunywa chai."

Nampa bomba la kupulizia michungwa,
ndani maji na sabuni ya kufulia.
Lowesha. Lowesha tena, mpaka litiririke.
Anacheka ndani ya barakoa:
"Leo tunaiosha nyumba kama maiti?"
Kama maiti, naam.
Umewahi kuona maiti akioshwa kwa nyundo?

Bati moja, watu wanne.
Halikatwi, haliburutwi, halitupwi.
Nailoni ya kwanza, nailoni ya pili, gundi,
na maandishi mekundu, hata asiyesoma ayaogope.

Bi Mwanashuri wa kota ya tano
anachungulia juu ya kamba:
"Vipande viwili tu, mwanangu, banda la kuku linavuja."
Nakataa. Ananuna.
Anasema asbesto imeniingia rohoni.

Hajui alivyokaribia.

Baba aliyatoboa mabati haya kwa keke.
Jioni alirudi mweupe kama mwoka mikate,
na mama, kwa mapenzi yake,
alilikung'uta lile shati mlangoni,
pa, pa, pa,
nasi tukirukaruka kwenye mwali wa jua
kudaka vinyota.

Baba yu hai. Ananusa ugoro, analalamikia chumvi.
Mama ndiye aliyeishiwa pumzi,
akilala ameketi, mito mitatu mgongoni.
Daktari wa Bombo akauliza:
aliwahi kufanya kazi ya ujenzi?
Tukasema hapana.
Alikuwa akifua tu.

Saa kumi Shekiondo anaelekea getini
na ovaroli yake mpya, kifua mbele,
anataka mtaa umwone.
Vua.
"Hapa?"
Hapa. Na soksi. Kisha maji, kuanzia nywele.
"Fundi, nitaoga nyumbani."
Nyumbani anakufulia nani?

Ananyamaza.
Juma la tatu tangu aoe.
Ameishika zipu, haishushi, haipandishi,
macho yako kwenye mkono wa shati,
kwenye unga mdogo sana
ambao jana asingeuona.

Bomba linafunguliwa.
Maji ya Tanga siku hiyo, kwa bahati, yapo.