Pindo la Anasiria

Kwenye kitambaa hakukosea hata nusu inchi.
Suruali uliyopimwa na Anasiria, pale Kiboriloni,
barazani kwa Kessy muuza misumari,
ilikukaa kama vile ulizaliwa nayo.
Ila habari, ah, habari aliikata kwa kukadiria tu,
akaishona huku anacheka.

Umeme ukikatika dakika saba,
kwake usiku ulikuwa umesahau njia ya kwenda zake:
majogoo waliwika mpaka wakapaliwa,
kuku wa Mama Temu akataga mara mbili akidhani ni kesho.
Mtori wa harusi kule Kibosho ukiwa mzito,
basi mwiko ulisimama wenyewe sufuriani
toka Jumamosi hadi watu wakatoka misa ya Jumatatu.
Na lile pande la barafu lililomeguka Kibo
likateremka zima zima hadi sokoni Mbuyuni,
muuza juisi akalisubiri na shoka. Haya, nani alibisha?
Hakuna aliyebisha. Tulisogeza vigoda.

Alijua kusimamisha mguu.
Cherehani inanguruma, inanguruma, halafu kimya.
Pini tatu mdomoni, macho juu ya miwani,
na sisi tumeshika pumzi kama tuliobebeshwa mayai.
Hapo ndipo angeitoa futi shingoni
akaipima hewa: "Mkia peke yake, hapa mpaka hapa."

Sasa nisikilizeni mimi, maana yangu naijua.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndoo ya mbege ya shangazi,
nikivuka mfereji nyuma ya soko.
Jogoo wa mtu (jogoo, nasema, mwekundu, chongo)
alinirukia mguuni. Nikateleza.
Maji yalifika kwenye kifundo.
Mbege ilikwenda, ndala moja ikaifuata,
nadhani zilifika Rau pamoja.
Anasiria aliona yote kutoka barazani.

Saa kumi alasiri jogoo alikuwa chui.
Ametoka msitu wa Rau, ana njaa ya siku tisa,
taya inchi kumi na nne, futi ilishuhudia.
Maji yalinifika kidevuni. Mkononi nilikuwa na mtoto mchanga,
wa nani hakusema,
na mbege haikumwagika hata tone.
"Alikuwa jogoo," nikasema.
Watu wakanitazama kama niliyezima taa.
"Mnaona?" akasema Anasiria, akitema pini.
"Ndivyo walivyo. Hawapendi kusifiwa."

Shirima wa buchani alinifungia utumbo nusu kilo, bure.
Shangazi, aliyekwisha kushika fimbo, aliiweka chini
akauliza kama chui aliinusa mbege.
Na Gaudensia, aliyekuwa akiipokea salamu yangu begani,
akaja kuomba kukiona kidonda.
Nikakunja suruali. "Mbona kadogo?"
Nikafungua mdomo niseme kweli.
Nikasema, "Mimi huwa napona haraka."
Miaka ishirini na mbili sasa tunalala chumba kimoja
na hajarudia swali.

Mfereji wameufunika zege. Barazani kwa Kessy wanauza vocha.
Anasiria haoni tena tundu la sindano; yuko kwa mwanawe, Pasua.
Wiki iliyopita tulimpelekea mkungu wa mshare.
Nikamuuliza: mama, ulijua kwamba ni jogoo?
Hakujibu. Akapapasa sketi ya binti yangu, sare mpya,
akalifikia pindo, vidole vinne upana wake,
akatikisa kichwa kumsifu fundi asiyemjua.
"Mtoto anakua," akasema. "Ukimkatia sawasawa leo,
mwakani atavaa nini?"

Wakati wa kurudi binti akauliza kuhusu kovu.
Tulikuwa tumesimama penyewe, juu ya zege,
upana hatua mbili, labda moja na nusu.
Nikatazama huku. Nikatazama kule.
"Unaiona ile benki?" nikasema.
"Kutoka pale, mpaka kwenye nguzo ya umeme?
Basi hapo kote palikuwa maji."