Mikroni Nne

Kimekuja kwa pikipiki kutoka Kaziba
ndani ya chupa ya mayonezi,
kifuniko kimezungushiwa mpira wa tairi.
Nilipofungua, maabara nzima ikanuka kanyanga.
Barua ya nesi: formalini ilituishia tangu Pasaka,
tumetia kilichokuwepo.
Nikacheka peke yangu. Halafu nikashukuru:
nyama hii imelewa, lakini haijaoza.

Ni kidogo, kama punje mbili za maharage.
Jina: Nankafu. Miaka: hamsini na kitu.
Mahali: titi la kushoto.
Nikampa namba,
maana mezani kwangu hakuna anayelala na jina lake.

Usiku kucha safari ya vikombe:
spiriti ya sabini, ya themanini, ya tisini na tano,
kisha ile isiyo na tone la maji,
polepole, kama mtu anayebembelezwa aache kilio.
Halafu zailini, nyama inang'aa kama ukucha.
Halafu nta.
Nta huingia palipokuwa na maji
wala haiulizi palikuwa pa nani.

Kesho yake saa nane kuranti ikakatika,
desturi ya Bukavu.
Ndiyo, birika la kunyooshea ni la umeme.
Ndiyo, nilimwandikia mkurugenzi.
Nikawasha mbabula uani, nikateleka sufuria.
Kipimajoto kilivunjika Januari,
kwa hiyo napima kwa kiwiko:
joto la kumwogeshea mtoto wa wiki moja.
Likizidi, utepe unayeyuka;
likipungua, unabaki na makunyanzi.
Barafu ya kugandishia nta nimeazima kwa Mama Cito,
auzaye maji ya tangawizi pale Nyawera.
Hakuuliza ya nini.
Hunichagulia kipande kisicho na rangi.

Gurudumu la mikrotomu halitaki kuranti, linataka bega.
Zungusha. Zungusha. Usipumue.
Mikroni nne:
unene wa unywele mmoja
ukigawiwa ndugu kumi na watano
na kila mmoja akaondoka na haki yake.
Utepe unatoka kwenye kisu ukijikunja,
naulaza majini kwa ncha ya brashi,
unajinyoosha wenyewe.
Napitisha kioo chini yake, nainua.

Rangi.
Kwanza hematoksilini, iliyochemshwa kutoka moyo wa mti
wa nchi nisiyoijua. Viini vinainywa, vinawiva zambarau.
Kisha maji ya bomba,
haya haya tunayoyalalamikia kila mwezi bili ikija,
yenye chokaa inayoziba masufuria yetu:
ndiyo yanayovigeuza bluu.
Kisha eosini, waridi,
kwa kila kilichobaki.

Daktari Birindwa ameielekeza hadubini ya zamani dirishani,
kioo chake kinadaka mwanga unaopanda kutoka ziwani.
Mimi kazi yangu ni kukata kurasa, si kuzisoma.
Lakini miaka kumi na tisa imenifundisha
kusoma mabega ya msomaji.
Anatazama. Anarudi nyuma. Anafuta miwani. Anatazama.
"Nikatie tena," anasema. "Ndani zaidi kidogo."

Nje kwenye benchi amekaa Zihalirwa, mtoto wa mwenye namba,
kofia ya pikipiki magotini.
"Bado tunakata," nikamwambia.
"Mama walishamkata."
Sikuwa na la kujibu, nikamweleza habari za nta:
kwamba kibonge hakitupwi,
kinakaa droo ya saba, miaka kumi,
ili atakayetaka kuuliza tena
apate pa kuulizia.
Akawaza.
"Basi mama amepata kiwanja Bukavu," akasema,
na bei zilivyo.
Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

Nimerudi ndani.
Nimetia kiwiko majini: yamepoa.
Naongeza makala.