Hezi Elfu Moja na Mia Tano

Spika ilikuwa ya madrasa ya Langoni.
Ililetwa kwangu juzi juu ya punda,
ina mkwaruzo kooni na kutu kwenye skrubu.
Nikafungua kivinjari, nikaandika mistari tisa ya msimbo,
vitufe vinne vikajipanga kwenye kioo:
laini, mraba, pembetatu, msumeno.

Wimbi laini kwanza, mia nne na arobaini:
sauti isiyo na mtu ndani yake,
haina pumzi, haina mate, haina kwao.
Mraba ukafuata, mbu ndani ya kopo.
Pembetatu, filimbi iliyofunikwa kitambaa.
Msumeno,
na hapo nikainua macho,
maana baba alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa
na hakugeuka.

Fundi Lali, ambaye zamani,
Kombo akipasua mbambakofi kwa msumeno wa umeme,
angeita kutoka uani, mdomo umejaa misumari:
“Simamisha, jino la sita limekufa!”
Kombo husimamisha, huhesabu kwa kidole,
la sita limekufa.

Wasema sikio la kufa halisikii dawa.
Sikuleta dawa. Nilileta toni.
Nikamkalisha, nikamvika hedifoni juu ya kofia,
akaivua kofia, akaikunja, akaiweka gotini.
“Ukisikia, inua kidole.”
Mia mbili na hamsini: kidole.
Mia tano: kidole, na tabasamu la mwanafunzi anayejua jibu.
Elfu moja: kidole kilichelewa.
Elfu mbili: akaniangalia usoni badala ya kusikiliza.
Elfu nne: mlio mwembamba ukavuja pembeni mwa hedifoni,
nikausikia mimi, akausikia paka akashuka dirishani.
Baba alikuwa akingoja nianze.

“Kumbe si mimi ninayenong’ona,” akasema mama jikoni,
kwa sauti aliyoizoea miaka hii,
ile ya kumwita mtu aliyeko Manda.

Nikashusha hadi elfu moja na mia tano,
mpaka anakofika bado,
nikambadilishia maumbo bila kumwambia.
Laini. Mraba. Pembetatu. Msumeno.
“Umebadilisha?”
“Mara nne.”
“Zote moja.”

Nilijua kwa nini, na kujua hakukunisaidia.
Kila mlio una mzazi aliye chini
na watoto wanaopanda mabegani mwake,
mara mbili yake, mara tatu, mara tano;
ni hao wanaoupa mraba ukali,
ni hao meno ya msumeno.
Wimbi laini pekee halikuzaa.
Na juu ya elfu mbili, sikioni mwa baba,
hapakai mtu tena.
Mzazi hufika peke yake, mikono mitupu,
na wazazi wa namna hiyo hufanana.

Msumeno hukata mbele na nyuma.
Mbele ulipasua milango ya nusu ya Mkomani.
Nyuma ulikuwa ukijing’oa meno, moja moja,
ndani ya sikio lililoujua kuliko yote.

Hayo sikuyasema. Nilimgeuzia kioo,
nikamwonyesha mchoro wa wimbi.
Akavaa miwani, akapitisha ukucha kwenye mteremko,
akasita kwenye ncha.
“Huu wa kupasulia, si wa kukatia.
Na aliyeunoa mvivu. Meno hayakupindwa kulia na kushoto.
Utakwama kwenye ubao mbichi.”

Nikateremka hadi hezi arobaini,
nikachukua kiganja chake, nikakilaza juu ya boksi la spika.
Kahawa ikaanza kutetemeka,
viduara ndani ya viduara.
Alikaa hivyo muda mrefu, macho kwenye kikombe.
“Huyu namjua,” akasema,
asiseme ni nani.
Madrasa walitaka spika yao kabla ya alasiri.
Sikuuzima.