Kijiti cha Kupimia

Langoni nina kibanda,
pipa moja na kitanda,
nauza mwendo wa kwenda
Pate, Ndau, visiwani.

Mama aliniachia
kijiti cha kupimia,
hadi leo chanukia
mafuta ya utotoni.

Kukicha nakizamisha,
unyevu unapokwisha
kisu changu napitisha,
chanjo moja ubavuni.

Chanjo za mama zi juu,
pipa ni lile buluu,
lakini za mwaka huu
zimegusa kitakoni.

Juzi pakawa baraza,
mgeni akaeleza
kwa picha alizokuza
kwenye shuka, darasani.

Kasema: "Mafuta tele,
vizazi vyenu vya mbele
vitayachota milele
huko chini baharini."

Jenereta yakohoa
mara mbili, ikapoa,
giza picha likazoa,
mkono wake hewani.

Kitoto kilipocheka,
Shekuwe akainuka,
mbio kwangu akafika,
akanena sikioni:

"Bi Famau, lita tatu,
tusifedheheke watu
mbele ya mgeni wetu.
Tia deni kitabuni."

Nikenda na tochi yangu,
nikachovya chombo changu,
kikalia kama chungu
kilipogota pipani.

Kikatoka ni kikavu,
ncha tu ina unyevu
kama mate ya mchovu
yakaukayo kinywani.

Lita tatu sikutia,
kijiti nikachukua,
shuleni nikaingia,
mishumaa i mezani.

"Bwana," nikasema, "mti
usio hata na cheti
huu hausemi ati,
husema wapi na lini."

Kikapita kwa vidole,
chanjo hii, chanjo ile,
wakashuka polepole
hadi nchani, nchani.

Akaniuliza Lali:
"Nawe utakula wali
kwa lipi, Bi wa dizeli?"
Nikamwambia: "Juani.

"Paneli nimeikopa,
bado deni sijalipa,
simu tisa inazipa
uhai mle kapuni.

"Mashua haisukumi,
penye wingu haisemi,
sitawadanganya mimi
kama wale wa pichani.

"Lakini jua halina
tako la kugonga; tena
upepo hatujaona
ukipimiwa chupani.

"Na tuchague ingali
mbichi ncha, kesho ghali;
uamuzi wa akili
si wa kufanya gizani."

Kesho yake bwana yule
kaja kibandani, pole,
boti yake iko pale,
tangi tupu, i gatini.

Lita tatu nikampa,
papo hapo akalipa;
kijiti, hakukikwepa,
alikichovya pipani.

Akakitoa, kaguna,
unyevu hakuuona,
kisu akaomba, tena
kachanja mwisho, nchani.